Tulishinda, Tukakosa Kombe: Hesabu ya Goli la Ugenini

Jumatatu ya tarehe 26 Mei nilishuka kwenye boti ya asubuhi kutoka Zanzibar nikiwa na jezi nyekundu iliyokunjamana, simu isiyo na chaji na shilingi elfu mbili mia tano mfukoni. Boti nzima ilikuwa kimya kama basi la msiba. Watu waliokuja juzi yake wakipuliza vuvuzela sasa walikuwa wamelala midomo wazi. Kutoka gatini mpaka Feri nilitembea kwa miguu, maana pesa ya bajaji haikuwepo na mia mbili ya pantoni ilibidi ilindwe.

Pale soko la samaki mama mmoja anayekaanga pweza aliitazama jezi yangu, kisha akanitazama usoni.

"Pole mwanangu. Mlifungwa?"

"Hapana mama. Tulitoka sare."

"Sasa mbona umenuna hivyo?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu aliyeshika mwiko wa mafuta ya moto. Ningesema nini? Kwamba tulitoka sare jana, lakini tulishafungwa siku nane kabla, kwa hiyo sare ile ni kifo? Na kwamba watani zetu wa Jangwani miaka miwili nyuma walishinda kabisa, tena ugenini, na bado kombe wakaliona kwa macho? Mama wa watu angeniona nimechanganyikiwa.

Tangu siku ile nimekutana na wengi wenye swali kama lake, humu humu chuoni, wakiwemo wanaovaa jezi kila Jumamosi. Wanajua majina ya wachezaji, wanajua mpaka rangi ya gari la mshambuliaji, ila ukiwauliza kwa nini 2-2 ya Yanga mwaka 2023 ilihesabika kuwa ni kufungwa, wanasema "si ile sheria bwana." Sheria ipi? Ndiyo hii nataka tuizungumze. Nasoma ualimu, acha nifanye mazoezi kwenu.

Tuanze na msingi. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika inachezwa mara mbili, nyumbani na ugenini, halafu magoli ya mechi zote mbili yanajumlishwa. Hapo hakuna tatizo. Tatizo linakuja jumla zikilingana. CAF hawarudi kwenye mechi ya tatu. Wanaangalia nani kafunga mengi kwenye uwanja wa mwenzake. Aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi. Hayo nayo yakilingana, wanakwenda kwenye penalti. Kwa lugha ya mtaani, goli la ugenini ni goli lenye akiba: halihesabiki mara mbili kwenye jumla, kama wengi wanavyodhani, ila linakaa pembeni likisubiri sare.

Sasa tuwachukue watani. Tarehe 28 Mei 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga wanacheza na USM Alger ya Algeria. Aymen Mahious anafunga dakika ya 32. Uwanja unapoa. Dakika ya 82 Fiston Mayele anasawazisha, na nakumbuka hata mimi mtu wa Msimbazi nilisimama kwenye kibanda umiza, nikakaa haraka kabla hawajaniona. Dakika mbili tu baadaye, ya 84, Islam Merili anafunga la pili. Mechi ikaisha 1-2.

Wiki moja baadaye, tarehe 3 Juni, wakaenda Algiers. Djuma Shaban akafunga penalti mapema kabisa, dakika ya saba. Kipindi cha pili wenyeji nao wakapata penalti, Djigui Diarra akaidaka roho zao. Mechi ikaisha Yanga 1, USM Alger 0. Mwarabu kapigwa kwake, mbele ya watu wake, kwenye fainali.

Jumla 2-2. Waarabu wana magoli mawili ya ugenini, Yanga wana moja. Kombe likabaki Algiers.

Mjomba wangu ana fremu ya vitenge Kariakoo, na ni mwananchi wa damu. Hawezi kulala bila kutaja mwaka 1935. Kwa miaka miwili alikuwa akiniambia neno moja: "Tulidhulumiwa. Mtu kashinda fainali, kombe anapewa aliyefungwa. Wapi umeona?" Nami kila mara nilikuwa nacheka, kwa sababu mtani akilia wewe unacheka, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mwezi uliopita nilichukua kipande cha boksi la vitenge na kalamu ya kuandikia bei, nikamwambia, mjomba, kaa hapa, tufanye hesabu.

Nikamwandikia hivi. Mmefungwa 1-2 nyumbani. Mnakwenda Algiers. Mkishinda 1-0, jumla 2-2, wao wana mawili ya ugenini, nyinyi moja, mmekufa. Mkishinda 2-0, jumla 3-2, kombe lenu. Mkishinda 2-1, jumla 3-3, na ugenini mna mawili kila mmoja, mnakwenda kwenye penalti.

Mjomba akakodoa macho. "Ngoja kwanza, mwalimu. Unaniambia kushinda mbili kwa moja ni bora kuliko kushinda moja bila?"

"Kwa siku ile, ndiyo."

"Yaani sisi kuruhusu goli ni bora kuliko kutoruhusu?"

"Si kuruhusu, mjomba. Kufunga la pili. Hata wao wangefunga moja, lenu la pili la ugenini lingewapa penalti."

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. Kichwani tumezoea kuwa ushindi wa 1-0 na wa 2-1 ni kitu kimoja, tofauti ya goli moja. Kwenye ligi ni sawa, unachukua pointi tatu unakwenda nyumbani. Kwenye mechi za mtoano zenye sheria ya ugenini, si sawa hata kidogo. Nilimwambia mjomba pia kwamba kombe lile halikupotea Algiers. Lilipotea Temeke, dakika ya 84. Kama Yanga wangelinda ile 1-1 kwa dakika zilizobaki, basi penalti ya Djuma Shaban kule ingetosha kuwapa kombe: jumla 2-1, hakuna mjadala. Dakika mbili baina ya goli la Mayele na goli la Merili, watu bado wanakumbatiana majukwaani, ndizo zilizobeba fainali nzima.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Akaja mteja kuuliza bei ya doti, akamjibu bila kugeuka.

Msinielewe vibaya, nchi nzima iliwapokea vizuri. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akinunua magoli ya timu zetu za kimataifa tangu mapema mwaka ule, ikaanzia milioni 5 kwa kila goli, na baada ya Algiers wakaalikwa Ikulu, hapo Magogoni tunapopapita kila siku tukienda pantoni. Mayele aliondoka na heshima ya mfungaji bora wa mashindano, magoli saba. Lakini mjomba hakuwa anatafuta heshima. Alikuwa anatafuta maelezo, na kwa miaka miwili hakuna aliyempa zaidi ya kumtania. Mimi nikiwa wa kwanza.

Sheria yenyewe imetoka wapi? Imetoka Ulaya, na imetokana na sarafu. Mwaka 1965 Liverpool na FC Köln walikutana robo fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Mechi ya kwanza 0-0. Ya pili 0-0. Wakapelekwa Rotterdam kucheza ya tatu, 2-2. Zama zile penalti za kuamua mshindi hazikuwepo, kwa hiyo mwamuzi akarusha kisahani chenye rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Kisahani kikatua kwenye tope, kikasimama wima! Ikabidi arushe tena. Liverpool wakapita. Hebu fikiria umefunga safari mara tatu, umecheza dakika zote hizo, halafu unatolewa na kisahani.

Msimu uliofuata UEFA wakaanza kutumia goli la ugenini kwenye Kombe la Washindi, kisha likasambaa mashindano mengine na mabara mengine. Kulikuwa na sababu mbili, zote za maana kwa wakati ule. Ya kwanza ni kuepuka mechi ya tatu na bahati nasibu. Ya pili ni kwamba timu ngeni zilikuwa zinakwenda kujilinda tu, watu kumi nyuma ya mpira, kwa sababu safari zilikuwa ndefu, viwanja vigeni, waamuzi wakali na mashabiki wakali zaidi. Wakaona wakilipa goli la ugenini thamani ya ziada, mgeni atashawishika kushambulia.

Ulaya wenyewe wameshaifuta. UEFA waliiondoa Juni 2021, na takwimu walizotoa zinafundisha. Katikati ya miaka ya 1970 wenyeji walikuwa wanashinda asilimia 61 ya mechi na wageni 19. Ilipofika wakati wa kuifuta, wenyeji wameshuka hadi asilimia 47, wageni wamepanda hadi 30. Ndege ni nzuri, viwanja vinafanana, kuna VAR, mgeni si mnyonge tena. Halafu sheria ikaanza kuzaa kinyume cha ilichotaka: sasa aliyekuwa anaogopa kushambulia ni mwenyeji wa mechi ya kwanza, akihofia kuruhusu goli la ugenini.

CAF wameibakisha. Na sisi Msimbazi tunaijua vizuri kuliko tunavyokiri. Watani wakinisoma hapa watafurahi, lakini nikimwambia mjomba ukweli wake lazima niseme na wangu.

Agosti 2019 tulikwenda Beira kucheza na UD Songo ya Msumbiji, tukatoka 0-0, tukarudi tukiimba. Nyumbani tukatoka 1-1. Tukatolewa. Sare mbili, hatujafungwa mechi hata moja, nje! Oktoba 2021 ikawa mbaya zaidi. Tulikwenda Botswana tukawafunga Jwaneng Galaxy 2-0. Magoli mawili ya ugenini, nani angetutoa? Wakaja Kwa Mkapa, mahali tunaposema hatoki mtu, wakatufunga 3-1. Jumla 3-3. Sisi ugenini mawili, wao matatu. Mpaka leo ukitaka kumkera mtu wa Simba hapa chuoni mwonyeshe simu ya Samsung, mwambie "hii ni Galaxy."

Kwa hiyo ile 0-0 ya ugenini ambayo makocha wetu wa vibarazani wanaiita "matokeo mazuri" ina mtego. Ukirudi nyumbani na 0-0, ushindi wowote unakupitisha, sawa, lakini sare yoyote yenye magoli inakutoa. Baba yangu aliujua mtego huo kabla mimi sijazaliwa. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Kule Ivory Coast 0-0. Marudiano yakawa Dar, Uwanja wa Taifa wa zamani, huu tunaouita Uhuru, na Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwepo. Baba anasema watu waliingia tangu asubuhi, na kombe walishaligawana vichwani. Stella wakashinda 2-0. Alirudi kwa miguu mpaka Kariakoo na hajawahi kukanyaga uwanjani tena. Anaangalia kwenye runinga, na goli la kwanza tukifungwa anatoka nje kumwagilia maua. Maua ya nyumbani kwetu yana afya sana.

Ndiyo maana mwaka huu nilipomwambia nakwenda Zanzibar, hakunizuia. Alisema tu, "Nenda. Ila usigawe kombe kabla."

Sasa tufike kwenye mechi yetu. Tarehe 17 Mei 2025 tulicheza Berkane, mji wa kaskazini mashariki mwa Morocco, karibu na mpaka wa Algeria, unaosifika kwa machenza. Ndani ya robo saa ya kwanza tulishafungwa mawili. Mechi ikaisha 2-0. Mtu asiyejua angesema yamekwisha. Lakini sisi tulikuwa na kumbukumbu mbichi: Aprili, robo fainali, Al Masry walitufunga 2-0 hivyo hivyo kule Misri, tukarudi Kwa Mkapa tarehe 9 tukawafunga 2-0, magoli ya Elie Mpanzu na Steven Mukwala, tukawatoa kwa penalti 4-1. Hesabu ilikuwa ile ile. Kwa hiyo hatukuota ndoto ya kijinga. Tulikuwa tumeshaufanya mtihani huu, na tulifaulu.

Hesabu ilikuwa hivi, na nilimchorea mjomba upande wa pili wa boksi. Tukishinda 1-0, tumekufa. Tukishinda 2-0, penalti. Tukishinda 3-0, kombe letu. Lakini wao wakipata goli moja tu, 2-1 haitoshi, 3-1 nayo haitoshi kwa sababu jumla inakuwa 3-3 na wao wana la ugenini sisi hatuna. Tunahitaji 4-1. Yaani goli moja la Berkane lilikuwa na uwezo wa kufuta penalti na kutupandishia bei kutoka matatu hadi manne. Ndiyo maana uliona timu yetu inashambulia huku mabeki wanaangalia nyuma kama mtu anayevuka barabara ya Msimbazi saa kumi na moja jioni.

Tofauti ilikuwa moja, na kwangu ni kubwa. Al Masry tuliwapindua mbele ya uwanja unaobeba watu 60,000. Fainali ilihamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu CAF hawakuridhika na hali ya eneo la kuchezea la Mkapa baada ya mvua. Amaan mpya ni mzuri, ndugu zetu Wazanzibari walitupokea kama wafalme, na nusu fainali dhidi ya Stellenbosch tulishinda 1-0 pale pale. Sina neno baya na Amaan. Ila unabeba watu takriban 15,000. Ukiwa na deni la magoli mawili, hizo sauti 45,000 zilizobaki Dar unazihitaji. Wapo wanaosema mashabiki hawafungi magoli. Kweli, hawafungi. Lakini kama uwanja wa nyumbani hauna maana, basi hata hiyo sheria ya goli la ugenini haina sababu ya kuwepo, kwa sababu yenyewe imejengwa juu ya imani kwamba nyumbani kuna nguvu. Huwezi kushika vyote viwili.

Joshua Mutale alifunga dakika ya 17. Siwezi kueleza vizuri dakika zile. Mzee mmoja wa kanzu aliyekuwa jirani yangu, ambaye kabla ya hapo tulikuwa tunagombea nafasi ya kuweka miguu, alinishika kichwa kwa mikono miwili kama anataka kunitabana. Tulibakiza moja kufika penalti, na tulikuwa na dakika zaidi ya sabini.

Halafu mwanzoni mwa kipindi cha pili kadi nyekundu, tukabaki kumi. Halafu Mukwala akafunga. Uwanja ukapasuka. Ilikuwa 2-0, jumla 2-2, penalti zile pale unaziona! VAR ikaitwa, tukasubiri, na goli likakataliwa. Kusubiri kule kulinifundisha kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya saikolojia ya elimu: watu 15,000 wanaweza kunyamaza kiasi cha kusikia feni ya muuza kahawa. Kama lilistahili kukataliwa au la, mjadala huo nawaachia wenye runinga kubwa.

Dakika za nyongeza Soumaïla Sidibé akasawazisha. Ubao ukasoma 1-1. Jumla 3-1. Berkane wakachukua kombe lao la tatu baada ya lile la 2020 na la 2022. Mzee wa kanzu alikunja mkeka wake mdogo, akaniambia "tutaonana mwakani inshallah," akaondoka.

Mtaona kwamba mwishowe goli la ugenini halikututoa sisi. Hata CAF wangelifuta kesho, 3-1 ni 3-1. Nakubali. Lakini lilikuwepo uwanjani muda wote, na wachezaji kumi waliochoka walikuwa wanashambulia huku wanalihofia. Sheria haihitaji kutumika ili ifanye kazi. Mwanafunzi anayejua kuna kudisko hasubiri adisko ndipo aanze kuogopa.

Je, ifutwe? Wenzangu wengi wanasema ifutwe kwa sababu Ulaya wameifuta. Hiyo si sababu. Safari ya Madrid kwenda Munich ni masaa mawili na nusu. Timu ikitoka Dar kwenda Berkane inaunganisha ndege, inabadilisha hali ya hewa, inakula chakula kigeni, inacheza, inarudi. Afrika mgeni bado ni mgeni kwelikweli, na kwa msingi huo sababu ya mwaka 1965 bado iko hai kwetu. Mimi msimamo wangu ni huu: ibaki kwenye hatua za mwanzo, lakini fainali iondolewe. Fainali jumla zikilingana, twendeni tukapige penalti, kila mmoja aone kwa macho yake namna alivyopoteza. Mjomba wangu asingeteseka miaka miwili kama Yanga wangekosa penalti. Penalti inauma lakini inaeleweka.

Wapo pia wanaotaka fainali ya mechi moja, uwanja mmoja, kama Ulaya. CAF walijaribu kuanzia 2020. Mwaka 2022 fainali ya Ligi ya Mabingwa ikapangwa Casablanca, na aliyefika fainali akawa Wydad, wenye mji wao. Al Ahly wakalalamika, wakafungwa 2-0. Mwaka uliofuata wakarudisha mechi mbili. Sasa kama mechi moja ingekuwepo mwaka huu, na uwanja ukapangwa Rabat au Cairo, mimi na mzee wa kanzu tungeiona wapi? Kwenye kibanda umiza. Mechi mbili zina hesabu za kuumiza kichwa, lakini zinahakikisha fainali inafika kwa watu. Kwa boom langu niliweza kufika Amaan. Cairo nisingefika hata kwa maboom manne.

Na kuhusu boom, wacha niwe mkweli. Lilikuwa la chakula. Nililitumia kwa nauli ya boti, tiketi na sehemu ya kulala ambayo hata sitaki kuielezea. Wiki mbili baada ya pale niliishi kwa chipsi kavu na huruma za watu. Mbaya zaidi, Jumatatu ile saa nne asubuhi kundi letu la watu watano lilikuwa na wasilisho la mbinu za kufundishia, na kipande cha upimaji kilikuwa changu. Pantoni ilikuwa na foleni ndefu. Niliingia darasani saa tano kasorobo na jezi yangu.

Nilikuta mwenzangu mmoja, mwananchi ambaye wiki nzima alikuwa akinitumia picha za machenza, amesimama mbele anawasilisha kipande changu. Alikuwa amekisoma usiku, baada ya mechi, bila kuniambia. Alijua boti haitaniwahisha. Alipomaliza akaja akakaa pembeni yangu, hakusema neno la mpira mpaka saa nane mchana. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Juni 2023 nilikosa jaribio zima. Najua."

Malipo aliyotaka ni mimi nimfafanulie na yeye ile 2-2 ya Algiers, kwa sababu naye hakuwahi kuielewa. Nikamchorea nyuma ya karatasi ya wasilisho. Alipofika kwenye 2-1 kuwa bora kuliko 1-0 alinyanyua macho kama mjomba alivyonyanyua.

Boksi la mjomba bado liko fremuni. Kaligongomea ukutani juu ya vitenge vya wax, upande wa Algiers ukiangalia nje, na wateja wakiuliza anawaeleza mwenyewe, tena kwa madaha, kama yeye ndiye aliyeitunga. Tarehe 25 Juni ligi ilipofika kwenye mechi ya mwisho ya watani, Yanga walitufunga 2-0 pale Mkapa, wakachukua ubingwa wa nne mfululizo. Usiku ule simu yangu iliita kabla hata sijatoka uwanjani.

"Mwalimu, hii ya leo nayo ina hesabu?"

"Haina, mjomba."

"Haina marudiano?"

"Haina."

"Basi lala salama."